Mwalimu Elinami na Mtu wa Shimoni

Jumamosi moja ya mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita, nilikuwa nimelala chini ya lori nikibadilisha springi iliyokatika. Hatua tatu kutoka miguu yangu, Mwalimu Elinami alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akiwasomea watu kumi na wawili habari za nabii Yeremia.

Nilikuwa dereva katika shamba la miwa kusini ya Moshi. Kwetu ni Iramba, mkoa wa Singida, na pale kambini tulikuwa watu wa kila mkoa: Iringa, Kigoma, Mbeya, Tabora. Kanisa lilikuwa mbali, kwa hiyo ibada ya Jumamosi tuliifanyia ndani ya banda la matrekta. Ufunguo wa banda nilikuwa nao mimi, na ndiyo sababu pekee iliyonifanya nihudhurie. Nilibatizwa, nilioa kanisani, lakini mambo ya kusoma nabii mmoja mwaka mzima niliwaachia wenye nafasi.

Mwalimu Elinami hakuwa mtu wa shamba. Alifundisha darasa la tano Old Moshi, juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Kila Jumamosi alishuka kwa baiskeli, akalala kwa mzee wa kanisa, na Jumapili mchana mimi nilimpakia hadi Pasua. Kutoka hapo alipanda mlima kwa miguu akiisukuma baiskeli yake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwembamba, mrefu, na alikuwa na kigugumizi kikali. Neno lilimkwama kooni mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Watu wa ibada walishazoea. Walisubiri. Mimi mwanzoni nilijiuliza mtu wa namna hiyo anafundishaje watoto arobaini na tano.

Siku hiyo nilitoka chini ya lori nikiwa nimechoka, nikamwambia mbele ya watu wote, "Mwalimu, huyu nabii wako analalamika mno. Kila ukurasa ni kilio. Hakuna mwingine?"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, kisha akahangaika na neno la kwanza.

"N-ndugu Zakayo, analalamika kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Basi. Mtu usiyemwamini humlalamikii. Unamhama tu."

Nilirudi chini ya lori. Lakini tangu siku hiyo nilianza kusikiliza, nikijifanya nakaza nati.

Ndivyo nilivyomfahamu Yeremia. Nilijua kwamba alipoitwa alisema hajui kunena, na nikaelewa kwa nini Mwalimu alimpenda. Nilijua kwamba aliwaambia watu ukweli wakati mji umezingirwa, na wakuu wakamtumbukiza katika birika lisilo na maji, lenye matope tu, afie humo. Na nilijua habari za Mkushi mmoja aliyefanya kazi kwenye nyumba ya mfalme, Ebedmeleki, aliyekwenda kumwombea, akapewa watu wa kumtoa.

Mwalimu alikaa na habari za huyo Mkushi wiki tatu. Kilichomshangaza si kwamba alimtoa. Kilichomshangaza ni kwamba kabla ya kwenda birikani alipitia ghala, akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akamtupia Yeremia aziweke kwapani ili kamba isimkate.

"Ana haraka," alisema Mwalimu. "Wakubwa wanaweza kubadili mawazo. Na bado amekumbuka m-m-makwapa ya mtu."

Akatuagiza tukae na jambo hilo wiki nzima. Mimi niliona ni jambo dogo sana la kukaa nalo wiki nzima.

*

Mwishoni mwa mwaka huo majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuiteka nchi yetu ng'ambo ya Mto Kagera. Tulisikia kwenye redio tukiwa kazini. Hazikupita siku nyingi, shamba likaagizwa kutoa malori na madereva wake. Lori langu lilikuwa zima kuliko mengine, kwa sababu ya ile springi. Nikaambiwa niage nyumbani.

Mjini Moshi niliwapakia wanamgambo waliotoka vijiji vya mlimani. Nilipofunga bodi ya nyuma nilimwona Mwalimu Elinami kati yao, amevaa sare iliyomfikia juu ya kifundo cha mguu, bunduki imening'inia begani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Mwalimu! Shule je?"

"Imebaki," alisema.

Baadaye alinieleza kwamba majina yalipotakiwa kijijini, jirani yake mwenye watoto saba alikuwa ameandikwa, na yeye alikuwa na mmoja, binti wa miaka minne aitwaye Haika. Akaenda kwa mtendaji akaomba wabadilishane.

Safari ilichukua siku nane. Tulipita Singida mchana, karibu na kwetu, na sikuruhusiwa kusimama. Kule mbele tulikabidhiwa kwa Koplo Masanja, askari wa jeshi, Msukuma mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Kila lori lilikuwa na dereva, koplo na mgambo wa kulinda mzigo. Nilimwomba Koplo anipe Mwalimu.

"Anaweza kupiga risasi?" aliuliza.

"Anaweza kubeba magunia," nilisema, na kweli alikuwa hodari wa kubeba.

Tulipofika, adui alikuwa amekwisha kurudi nyuma kuelekea mpakani. Daraja la mtoni lilikuwa limevunjwa na wanajeshi wetu walikuwa wameweka la muda. Tulianza kuvusha chakula na risasi kwenda mbele, na kurudi na majeruhi.

Nchi ile ilimuumiza Mwalimu kuliko ilivyoniumiza mimi, kwa sababu ilifanana na kwao. Migomba iliyopandwa karibu na nyumba, kahawa chini ya migomba, zizi la ng'ombe nyuma. Aliniambia ni kihamba kabisa, kama kile alichoachiwa na babu yake. Ila nyumba zilikuwa zimechomwa, mazizi yalikuwa matupu, ndizi zilikuwa zinaozea mkunguni, na watu hatukuwaona.

Wengine tuliwaona. Katika kijiji kimoja kando ya barabara tuliambiwa tusaidie kuzika. Tulichimba tangu asubuhi mpaka jua la saa tisa. Sitaeleza tulichokizika. Nitasema tu kwamba palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa bado ameshika kamba ya ng'ombe, na Mwalimu hakutaka tuitoe mkononi mwake.

Jioni ile Mwalimu hakusoma. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akasema na Mungu kwa sauti, kwa Kichagga, kwa hasira. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimsemesha Mungu vile. Na nilitambua, ingawa lugha siijui, kwamba katika hasira ile hakukwama hata kwa neno moja.

*

Kesho yake tulipeleka risasi mbele. Tulipomaliza kushusha tukaanza kurudi mtoni tukiwa watupu. Karibu na kile kijiji tulichozika, rejeta ikaanza kuchemka. Nikasimamisha lori, Mwalimu akachukua debe kwenda kutafuta maji nyuma ya nyumba iliyoungua.

Akarudi bila maji.

"Kuna m-mtu," alisema. "Shimoni."

Lilikuwa shimo la choo, jipya, halijawahi kutumika. Mwenye nyumba alikuwa amechimba kwenda chini urefu wa watu watatu na hakuwahi kuliezekea. Magogo ya juu yalikuwa yamevunjika upande mmoja.

Koplo Masanja alifika kwanza. Akachungulia. Akakoki bunduki.

Nami nikachungulia.

Chini, ndani ya matope, alikuwa ameketi askari wa Uganda. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda pasipopaswa kupinda. Midomo ilikuwa myeupe kwa kiu. Alitutazama, kisha akainamisha kichwa, kama anayesubiri.

"Una silaha?" Koplo aliuliza.

"Hapana, afande." Alijibu kwa Kiswahili. "Ilibaki juu. Waliichukua wenzangu."

"Na wewe wakakuacha."

"Ndiyo, afande."

Koplo akainua bunduki.

Nitasema kweli, kwa sababu nimeahidi kusema kweli. Nilitaka apige. Nilikuwa na udongo wa makaburi bado kwenye kucha. Nilitaka apige, tupate maji, tuondoke.

Mwalimu akaja akasimama mdomoni mwa shimo, kati ya bunduki na yule mtu.

"Toka hapo, Mwalimu."

Mwalimu akafungua mdomo. Neno likakataa. Mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka, na hakuna kilichotoka. Tulisubiri. Hata Koplo alisubiri, sijui kwa nini.

"Hawa wamechinja watu hapa," Koplo alisema taratibu. "Wewe mwenyewe uliwaona."

"N-n-niliwazika," Mwalimu alisema. "Jana. Kwa mikono hii."

Hakuhubiri. Alivua shati lake la sare, akabaki na fulana, akalitupa shimoni. Kisha akanigeukia.

"Zakayo, ile kamba ya kuvutia. Na matambara yako."

Matambara yangu yalikuwa ya kufutia oili, nilikuwa nayo rundo chini ya kiti. Nilisimama pale. Ninakumbuka nilijiuliza kama mtu akikataa kutoa matambara Mungu humwandikia dhambi. Kisha nikaenda nikayaleta, pamoja na kamba.

Mwalimu alilala kifudifudi ukingoni. "Sikiliza, ndugu," alimwambia yule mtu. "Weka hayo kwapani. Pande zote mbili. Halafu pitisha kamba juu yake. Isikukate."

Yule kijana alikuwa anatetemeka mno, nguo zikamponyoka. Mwalimu akamwelekeza tena, polepole, kama anavyomwonyesha mtoto wa darasa la kwanza kushika kalamu. Mara tatu. Bunduki ya Koplo ilikuwa bado imeelekea chini.

Tulivuta wawili, hatukuweza. Ukingo ulikuwa unateleza, na mimi nilivuta kwa nusu ya nguvu, najua.

Nikasikia bunduki ikiwekwa juu ya gogo. Koplo Masanja akashika kamba nyuma yangu.

"Haya," alisema. "Vuta basi."

*

Tulimlaza nyuma ya lori, upande wa kulia, juu ya magunia matupu. Mwalimu akamnywesha maji ya chupa yetu kwa kifuniko, kidogokidogo; yaliyobaki niliyamimina kwenye rejeta, iliyokwisha kupoa. Koplo alisema tutamkabidhi ng'ambo ya mto, kwenye mahema ya madaktari, kama mateka.

Mwalimu alikuwa anakaa mbele nasi siku zote. Siku hiyo alipanda nyuma, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo na ule mguu ulihitaji kushikwa. Alikaa upande wa kushoto, akaegemea bodi, akauweka mguu wa yule mtu mapajani mwake.

Madereva wote tulikuwa tumepewa amri moja: usitoe gurudumu nje ya njia iliyokwisha kukanyagwa, kwa sababu ya mabomu yaliyotegwa ardhini.

Kilomita chache kabla ya mto tulikutana na vifaru vyetu vinakwenda mbele. Barabara ilikuwa nyembamba.

"Pisha," Koplo alisema.

Nikapisha. Nilitoa magurudumu ya kushoto nje, urefu wa mkono, si zaidi. Kifaru cha kwanza kikapita. Cha pili. Cha tatu. Nikaanza kurudi barabarani.

Gurudumu la mbele likarudi salama.

La nyuma likakanyaga.

Sikusikia mlio. Niliona kioo hakipo. Niliona Koplo anasema kitu na sauti haitoki. Nilishuka nikaanguka, nikasimama.

Nyuma ya lori upande wa kushoto haukuwepo.

Mwalimu alikuwa chini, barabarani. Yule askari wa Uganda alikuwa amejivuta kwa viwiko mpaka kwake, akawa amemshika kichwa ili kisilale kwenye tope. Alikuwa analia na kusema maneno ya kwao.

Nilipiga magoti. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa mzima usoni. Mdomo ulifunguka, mishipa ya shingo ikamsimama, kama siku zote neno la kwanza linapomkwama.

"Taratibu, Mwalimu," nilimwambia. "Tunasubiri."

Nilisubiri. Halikuja.

Koplo Masanja alikuja akasimama juu yetu na bunduki mkononi. Nilidhani sasa atampiga yule mtu, na sikujua kama nitamzuia. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akaipitisha bunduki mgongoni, akainama, akambeba yule askari kama anavyobebwa mtoto, akatembea naye kwa miguu mpaka mtoni. Mimi nilibaki na Mwalimu hadi gari lingine lilipokuja. Nilipofika kwenye mahema niliwaona wanamwingiza yule mtu ndani, akiwa hai. Sikumwona tena. Jina lake sikuuliza.

*

Nilipewa lori jingine nikaendelea mpaka vita vikaisha. Katika miezi ile nilikuwa na neno moja tu kwa Mungu, nalo silirudii. Nilimwambia kila asubuhi nikipasha moto injini. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba nilikuwa bado nazungumza naye. Nilikuwa sijamhama. Mwalimu alinifundisha hilo nikiwa nimelala chini ya lori, na mimi nilidhani ametania.

Nilirudi Moshi katikati ya mwaka 1979. Nilikaa wiki mbili nikitafuta sababu za kutopanda Old Moshi. Mke wangu ndiye aliyenifungia nguo ndani ya kikapu akaniambia niende.

Mama Haika alinikaribisha ndani, akaniletea maziwa mgando na kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, kama mtu anavyopokewa kwao. Mtoto alinipa shikamoo akakimbilia nje. Kwenye meza palikuwa na barua ya serikali. Ilisema Ndugu Elinami alifariki akiwa kazini.

"Shemeji," alisema, "kazini ni wapi? Alikuwa amekaa wapi?"

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Yote yakanitoka.

"Nyuma ya lori."

"Aliniandikia kwamba mnakaa mbele, watatu."

"Siku hiyo alikaa nyuma."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilianza na maji ya rejeta, nikaeleza shimo, bunduki, shati, matambara. Nilimwambia kwamba mimi nilitaka yule mtu apigwe risasi. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyetoa gurudumu nje ya njia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliondoka akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo.

"Yule mtu alipona?"

"Nilimwona akiwa hai. Zaidi ya hapo sijui."

Akashika mwimo wa mlango.

"Usinifikirie vibaya," alisema. "Leo hii, hivi nilivyo, ningependa angebaki shimoni."

"Mimi pia, shemeji."

"Lakini Elinami asingemwacha. Ungemfunga kamba yeye mwenyewe, asingemwacha." Akageuka. Alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa kavu. "Alinikera kwa mambo hayo miaka kumi na mbili. Kesho ni Jumapili. Utalala hapa. Utasimama kanisani uwaeleze, na usipunguze kitu ili kunifurahisha."

Nilisimama. Sikuwa mtu wa kusema mbele za watu. Nilieleza yote. Katikati, mzee mmoja aliyepoteza kijana wake katika vita hivyo aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Baadaye nilimkuta barabarani, nikamsalimu, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Simlaumu. Yule mwenye watoto saba, aliyeandikwa kwanza, alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na hakuinua uso mpaka ibada ilipokwisha.

Miaka imepita tangu hapo. Miaka ya shida ya sabuni na vipuri niliendesha ile ibada ya Jumamosi mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeshuka tena kutoka mlimani. Watu wapya waliuliza kama Mungu alimlipa Mkushi. Niliwajibu kwamba ndiyo, aliahidiwa uhai wake mji utakapoanguka. Wakauliza kuhusu Mwalimu wangu, nami niliwaambia kwamba yeye alikufa. Zamani nilikuwa naongeza maneno hapo, ya kutuliza. Siku hizi siongezi. Yeremia mwenyewe aliuona mji wake ukiungua, na alipopewa nafasi ya kwenda kukaa mahali pazuri, alichagua kubaki na maskini walioachwa. Hakuahidiwa kwamba haitauma.

Nimefahamiana na watu wengi wa dini, na baadhi yao walinena vizuri sana. Sijamwona mwingine aliyemsoma nabii kwa namna ile, mpaka mikono yake ikajua la kufanya wakati ulimi umekataa.

Mwalimu Elinami aliacha mjane, binti mmoja, na darasa la tano lililokaa bila mwalimu hadi Julai. Haika hakumbuki sauti ya baba yake. Aliniuliza ilikuwaje, nikashindwa kumwigizia. Na kama yule mtu bado yu hai, yuko mahali fulani ng'ambo ya mpaka, anachechemea pengine, ana watoto pengine. Ninamwombea. Baadhi ya siku naomba kwa moyo mzima, na baadhi ya siku naomba kwa sababu tu niliona mtu akimvulia shati.